Sawa ya Kwao

Ijumaa, tarehe tisa Februari, kabla ya saa tatu asubuhi, nilimpoteza mama ambaye hakuwa wangu. Alikuwa Mfilipino wa miaka sitini na mbili, mama wa binti mmoja na bibi wa wajukuu watatu. Mimi ni Mkenya niliyelala kitanda cha pili katika chumba chake, mtaa wa Najma, Doha, kwa miaka tisa. Pale saluni tulipofanya kazi wote walimwita Nanay, neno la kwao la mama, na mimi nilimwita hivyo hivyo. Sitaandika jina lake. Jina ni la watu wake, na vya kwao nimeshachukua vya kutosha.

Saluni iko Al Rayyan. Ni ya wanawake watupu, madirisha yamezibwa ili wa nje wasione ndani. Kazi ya Nanay ilikuwa kusafisha nyusi kwa uzi. Ncha moja ya uzi aliishika kwa meno, nyingine akaizungusha vidoleni, na uzi ukapita juu ya ngozi ukikata kijinywele kimoja kimoja. Kwa sababu ya ule uzi, karibu nusu ya siku hakuweza kusema. Aliongea kwa macho. Mimi niliosha vichwa, nilifua taulo na kufagia nywele.

Siku yangu ya kwanza alinituma taulo nikamjibu sawa. Akanitazama. Akaniambia niongeze maji ya moto, nikasema sawa. Nifagie pale chini ya kiti, sawa. Kila nikijibu alizidi kukunja uso, nami nikazidi kusema sawa, maana niliogopa kufukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Mwisho alimwendea msichana wa kaunta, Mfilipino mwenzake, wakanong'onezana, kisha yule msichana akaja kuniuliza kama kweli kazi imenishinda siku ya kwanza tu.

Ndipo tukaelezana, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. Kumbe kwao sawa ni mtu aliyeshiba kitu mpaka hakitaki tena. Amechoka nacho, kimemtoka moyoni. Na ukilisema kwa namna nyingine kidogo, ni chatu.

"Kwa hiyo leo umeniambia umenichoka mara ishirini," alisema. "Au umeniita chatu. Chagua."

Alicheka mpaka akashindwa kuurudisha uzi mdomoni, na mteja mwenye uso uliolala nyuma akacheka pia bila kujua kinachochekwa.

Lakini maneno hayo mawili hayafanani ukiyasikiliza. Sawa yetu inaanza na nguvu na kuishia laini. Yao inaanza laini, uzito uko mwishoni, halafu sauti inakatwa kooni kama mlango uliofungwa ghafla. Tofauti hiyo niliijua tangu siku ya kwanza. Nasema mapema ili nisije nikajitetea baadaye kwamba sikujua.

Mwaka wangu wa tatu Doha, mama yangu mzazi alifariki nyumbani. Sikwenda kumzika. Nilikaa kitandani siku mbili, na Nanay akanipikia uji wa wali wenye kuku na tangawizi, akaninywesha kwa kijiko. Akasema, "Kunywa, anak." Anak ni mwanangu. Mama yangu hakuwahi kuniita hivyo. Aliniita kwa jina langu, na akikasirika kwa jina la baba yangu. Nililichukua lile neno nikaliweka kama kitu nilichopewa peke yangu.

Halikudumu. Nilipoanza kutega sikio, nilimsikia akimwita anak msichana wa kaunta. Kisha fundi wa abaya wa mlango wa pili. Kisha dereva wa gari letu, mwanamume mwenye mvi. Kisha paka wa kule nyuma kwenye mapipa. Kila mmoja aliponiibia lile neno niliumia, na paka ndiye aliyeniuma zaidi, kwa sababu yeye hakuwa amefiwa na mtu.

Wivu wangu hasa, hata hivyo, haukuwa wa paka. Ulikuwa wa simu.

Kila siku saa nane mchana, tukishakula, Nanay aliingia kwenye chumba cha nyuma tunakoanika taulo, akaegemeza simu kwenye chupa ya shampuu na kumpigia binti yake. Kwao ilikuwa saa moja jioni, watoto wameoga, wali uko mezani. Kwanza alipaka rangi ya mdomo. Mgongo ulimuuma, miguu ilimwaka, lakini aliingia kwenye ile simu kama mtu anayekwenda harusini. Kupitia kioo kile alimfundisha mjukuu wa kwanza kusoma na kumkagua wa pili meno. Yule mdogo, msichana, alimgombeza mpaka akala mboga zake. Walimwacha mezani, wamemsimamisha pale panapokaa sahani ya mgeni, nao wakala wakigombana mbele yake. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikila mkate.

Wajukuu walinijua. Waliniita Tita Sawa, yaani Shangazi Sawa, kwa sababu kile kisa cha siku ya kwanza kilikuwa kimesimuliwa kwao mpaka kikazeeka. Walipenda nikisema sawa nao wanijibu chatu. Nilicheka nao. Huku nikicheka nilikuwa nawachukia kidogo.

Mimi nina binti. Analelewa na dada yangu. Dada yangu anamwita Mama, bila kuongeza kitu. Mimi ananiita Mama wa Qatar. Nikipiga simu ananisalimia vizuri, kwa heshima, kisha ananyamaza akingoja nimwambie kilichonifanya nipige. Sijui Nanay alifanyaje. Alikuwa mbali kuliko mimi, na alianza safari za kazi binti yake akiwa darasa la pili, lakini katika nyumba ile hakuna aliyemwongezea jina la nchi.

Siku moja yule mjukuu mdogo alituma mchoro pamoja na Mfilipino aliyekuwa anarudi kutoka likizo. Watu wawili wameshikana mikono, mmoja mkubwa mwenye midomo myekundu, mmoja mdogo. Nanay aliubandika kando ya kabati, upande unaotazama kitanda changu. Nililala nikiuona na kuamka nikiuona. Jumamosi moja gundi ikaachia, ukaanguka nyuma ya kabati nikitazama, na sikusema. Aliutafuta siku mbili. Alikunjua mpaka shuka zangu akiniomba radhi. Siku ya tatu nikajifanya nimeuona. Alinishukuru, akaniambia nina macho mazuri.

Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Sitaki kujipunguzia.

Mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba. Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, na jengo halina lifti. Kila ngazi zilipopinda alisimama akajidai anatafuta ufunguo mkobani, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Daktari alimpa dawa za presha na za kutoa maji mwilini, akamwambia apunguze kusimama. Nyusi husafishwa kwa kusimama. Mkataba wake ulikuwa unaisha Oktoba. Mwenye saluni, mama Mkatari mpole, alimwambia wazi kwamba akitaka kuendelea atasaini miaka mingine miwili, na akitaka kurudi kwao tiketi ipo. Achague mwenyewe.

Wiki hiyo binti yake alinipigia mimi. Hakuwahi kunipigia peke yangu. Aliniita dada. Aliniambia wamemjengea mama yake chumba cha chini, chenye dirisha, ili asipande ngazi.

"Mimi ananidanganya," alisema. "Akiniona tu anapaka rangi ya mdomo. Wewe hakudanganyi. Muulize kama amechoka."

Nikamwambia si amwambie tu arudi.

Akanieleza kwamba kwao haiwi hivyo. Mama yake amewalisha miaka thelathini kwa kazi ya ugenini, na mtu wa namna hiyo ukimwambia aache kabla hajachoka, anaona umemwambia hana kazi tena duniani. Na yeye mwenyewe hawezi kusema nimechoka, kwa sababu atahisi anawatupia wao mzigo. Kila mmoja anamngoja mwenzake. "Akikuambia amechoka, neno moja tu, kesho yake nitamwambia njoo, na atakuja. Asiposema, sitamvunja moyo."

Nilimuuliza Alhamisi, tumetoka kazini mapema. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nilimuuliza kwa lugha yetu ya chumbani, ile isiyo ya mtu yeyote.

"Nanay. Kazi, Doha, mimi na wewe hapa. Sawa?"

Alitazama miguu yake kana kwamba swali nimeiuliza miguu.

"Sawa na, anak," akasema.

Uzito ulikuwa mwishoni. Sauti ilikatwa kooni. Na lile *na* la kwao maana yake ni tayari, imeshafika, basi. Kisha akatabasamu kidogo, kama mtu aliyetania, akaniomba taulo. Nikampa taulo.

Kesho yake nilisimama nje ya jengo, karibu na duka la mikate, nikampigia binti yake.

"Amesemaje?"

"Amesema sawa."

Nilisikia televisheni kwao, na mtoto akicheka. Akauliza, akiwa anacheka kidogo naye, "Sawa ya kwenu au ya kwetu?"

Nafasi nilipewa. Sikukosea, sikuchanganyikiwa, wala Kiingereza hakikunishinda. Nilikifikiria kile chumba cha chini chenye dirisha. Mimi sijajengewa hata ukuta. Nikafikiria kitanda chake kikilaliwa na mtu mwingine, mgeni aliyeletwa na wakala, anayevuta mapazia na kuniambia nizime taa. Nikawaona wamekaa mezani, safari hii amekaa kwenye kiti, si ndani ya simu, na wananisahau kabla sahani hazijaoshwa.

"Ya kwetu," nikasema.

Akashusha pumzi. Akasema haya, kama ndiyo furaha yake, na akanishukuru.

Nanay hakusaini siku hiyo. Alingoja karibu wiki mbili. Sasa najua alikuwa anangoja nini, na nadhani hata wakati ule nilijua. Walipomaliza kuzungumza saa nane alibaki ameitazama simu iliyozimika, rangi ya mdomo bado mbichi. Jioni moja tukikunja taulo akaniuliza kwa sauti ya chini kama binti yake hajaniambia kitu.

"Kitu gani, Nanay?"

"Kitu chochote."

Nikamwambia hajaniambia kitu. Akasaini Jumapili. Wasichana wa saluni wakamnunulia keki, akakata kipande cha kwanza akanilisha mimi. Nilikula. Kuna watu wanaosema chakula kama hicho hakipiti kooni. Changu kilipita, tena nilifurahi.

Alikaa miezi minne. Siwezi kusema ilikuwa mibaya. Nilimbebea mkoba ngazini, nilimletea kiti kirefu cha kukalia akisafisha nyusi, nilimkanda miguu. Nilikuwa mwema kwake kuliko miaka yote, na nadhani alishangaa.

Ile Ijumaa tulikuwa tunakwenda kanisani, maana Doha hata Wakristo wengi husali Ijumaa, siku ya mapumziko. Alivaa gauni lake la maua. Mimi niliteremka kununua mkate na maziwa. Nilichelewa kidogo, kulikuwa na foleni. Niliporudi alikuwa amekaa pale pale kwenye ukingo wa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kichwa kimeegemea kabati. Nikamwambia tutachelewa. Nikaweka maziwa kwenye friji. Nikamwambia tena.

Wafilipino wa Doha walikuja kabla sijajua wa kumpigia. Walijaa chumbani, wakawasha mshumaa wa betri, wakasali jioni tisa mfululizo. Walijua lini kusimama, lini kujibu, lini kulia. Mimi nilikaa karibu na mlango kama mtu aliyekuja kudai kitu. Mwanamke mmoja akaniuliza mimi nani wake, nikasema tulilala chumba kimoja. Akasema aa, akanipa biskuti. Niliwaonea wivu machozi yao. Walikuwa wamemjua kanisani tu, wengine kwa sura, lakini walilia kwa lugha yake.

Siku ya pili nilishika ufagio, kwa sababu sakafu ilikuwa imejaa makombo na kufagia ndiyo kazi ninayoiweza. Yule mwanamke akaninyang'anya ufagio mkononi. Akasema maiti akiwa hajazikwa, kwao hawafagii, ni kama kuwafagia wengine wa nyumba wamfuate. Sikujua. Miaka tisa, na hakuwahi kuniambia, maana hapakuwahi kufa mtu wake tukiwa pamoja.

Mwili ulisafiri siku kumi na moja baadaye. Maziko niliyaona kwenye simu, nimekaa kwenye ile ndoo, kati ya taulo. Binti yake ndiye aliyeishika simu. Watu waliposimama mbele yake aliinyoosha juu ya vichwa vyao kwa mkono mmoja ili nione vizuri. Mkono ulimchoka, picha ikatetemeka, akabadilisha mkono. Alinibeba hivyo muda mrefu, yeye aliyekuwa anamzika mama yake. Kwao wajukuu wadogo hupitishwa juu ya jeneza, mtu huku anampa mtu kule, ili bibi asiwajie usingizini. Nikamwona yule mdogo akipitishwa, viatu vyeupe vikining'inia. Hata hilo nililionea wivu. Mimi hakuna aliyehofu kwamba Nanay atanijia.

Baada ya siku arobaini binti yake alinipigia, saa nane mchana ya kwetu. Walikuwa wamemaliza sala ya arobaini. Alikuwa amekonda. Alinionyesha kile chumba cha chini: wamelaza ndani yake godoro, na picha ya mama yake iko dirishani. Alinishukuru kwa vitu nilivyovituma, kwa gauni, kwa kila kitu. Kisha akasema kinachomfanya alale ni kwamba mama yake alibaki kwa kupenda.

"Alikuwa na furaha," akasema. "Wewe ulinihakikishia."

Ningeweza kusema ndiyo. Angelala.

"Haikuwa ya kwetu," nikamwambia.

"Nini?"

"Ile sawa. Ilikuwa ya kwenu. Nilisikia vizuri. Nilikudanganya."

Hakupiga kelele. Aliniambia nilitamke kama mama yake alivyolitamka. Nikalitamka lote, na uzito mwishoni, na lile *na*, na anak. Akasema nirudie. Nikalitamka tena. Alikuwa amefumba macho. Mara ya tatu aliniambia polepole, nikalisema polepole.

Kisha akafumbua macho, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Miaka tisa ulikuwa naye. Haikukutosha?"

Nilitafuta jibu lingine. Nikasema, "Haikunitosha."

Aliiweka simu mezani, uso juu, bila kuikata. Nikaona dari yao, na feni, na waya uliofungwa kwa utepe mweusi. Kiti kikasogezwa. Nikamsikia akiita watoto waje kula, kwa sauti ya juu, kisha vijiko, kisha mtu akimwaga maji kwenye glasi. Waliongea. Sikuelewa. Ningepaswa kukata mimi, lakini sikukata, nilikaa pale nikiwasikiliza wakila, sijui ni dakika ngapi, mpaka yule msichana mdogo alipoinama juu ya simu na kunitazama. Akageuka akamuuliza mama yake kitu. Mama yake akamjibu kwa neno moja. Mtoto akakata simu.